Kabla ya Kumhukumu Khaman, Uliza Nani Anampa Mpira

Mimi hukaa mezani na karatasi ya takwimu kwenye mechi za kikapu pale Nimra Talata, hapa Juba, kwa hiyo najua karatasi inavyoweza kumdhulumu mtu. Kijana anawapenya mabeki wawili, anamtolea mwenzake aliye chini ya kikapu, mpira unamfika kifuani kabisa, naye anaugongesha ubaoni na kukosa. Nitaandika nini? Aliyekosa namwekea jaribio moja. Aliyetoa pasi simwekei kitu, maana asisti haihesabiwi mpaka kikapu kifungwe.

Ndiyo maana nikisikia watu wakimsifu Carlik Jones wa timu yetu ya taifa, Sudan Kusini, kwa Kombe la Dunia la 2023, huwa naongeza majina. Alikuwa na wastani wa asisti zaidi ya 10 kwa mechi, na siku tulipoichapa Angola 101-78 pale Manila tukapata tiketi ya Olimpiki ya Paris, alitoa 15. Fundi, sibishi. Lakini waliokuwa wakipokea ni akina Nuni Omot na Bul Kuol, watu ambao ukiwaachia nafasi wanakuadhibu. Mpe Carlik wachezaji wangu wa mtaani, halafu uniletee hizo 15.

Sasa tumgeukie kijana wetu Khaman Maluach na msimu wake wa kwanza NBA. Timu yake ya Phoenix ikicheza saa moja jioni, huku kwetu ni saa kumi alfajiri. Vijana wanaamka, wanatazama simu, wanaona dakika chache na pointi mbili, na kabla jua halijapanda hukumu imeshatoka kwenye viti vya mama chai: huyu hana kitu.

Taratibu, jamani. Senta kijana kama yeye hajilishi. Akiwa Chuo Kikuu cha Duke alifunga zaidi ya asilimia 70 ya mipira aliyorusha, lakini pembeni yake walikuwepo Cooper Flagg na Kon Knueppel, ambao wote wawili walichaguliwa kabla yake katika drafti ya 2025. Yeye alikuwa wa 10, akaangukia Phoenix kupitia biashara iliyompeleka Kevin Durant Houston. Alikuta timu inayojengwa upya: mpira uko mikononi mwa Devin Booker, mfungaji wa kuzaliwa, na kwenye nafasi ya senta ameshaletwa Mark Williams. Na huyu ni mtoto aliyeanza kikapu 2019, kule Uganda.

Ila udhuru nao una mipaka. Ribaundi hupasiwi na mtu. Aprili 2025, Duke ilipotolewa na Chuo Kikuu cha Houston 70-67, Khaman alikaa uwanjani zaidi ya dakika 20 bila kudaka ribaundi hata moja. Hapo Flagg anaingiaje? Kurudi kuzuia, kuweka mwili kabla mpira haujadunda, kutoruka kila anapohadaiwa: hayo ni yake mwenyewe, na kwa hayo nampima bila huruma, hata akiwa amepewa dakika nne tu.

Pointi tuziache kwanza. Atakapovaa tena jezi ya taifa, Carlik akamtilia mpira juu ya ringi naye akashindwa kumalizia, hapo tumseme, na kwa sauti.