Hofu ya korona isikuozeshee meno

Ni lini mara ya mwisho ulipokaa kwenye kiti cha daktari wa meno? Hapa Likoni, wagonjwa wangu wengi nikiwauliza hunijibu, "Daktari, tangu kabla ya korona." Mimi si daktari wa meno, natibu magonjwa ya kawaida. Lakini jino likishavimbisha shavu mgonjwa huletwa kwangu, na aghalabu huletwa usiku.

Simcheki mtu kwa kuogopa. Korona ilipothibitishwa nchini Machi 2020, hakuna aliyeufahamu vyema ugonjwa huo. Mashine ya kutoboa jino hurusha maji na mate hewani mithili ya manyunyu, na mgonjwa hawezi kuvaa barakoa huku amefungua kinywa. Hata Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri, Agosti 2020, kwamba kazi za meno zisizo za dharura ziahirishwe pale ambapo maambukizi yalikuwa yameenea. Kwetu sisi wa ng'ambo kulikuwa na feri pia. Nani angependa kubanana na halaiki ya watu kivukoni ili akazibwe jino kisiwani? Wenzetu wa Kisauni na Changamwe hawahitaji feri, lakini matatu ni matatu.

Mwaka huo mama mmoja wa Mtongwe aliumwa na gego la chini. Alitia mafuta ya karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akanunua vidonge dukani. Maumivu yakatulia, naye akashukuru Mungu. Alipoletwa kwangu wiki kadhaa baadaye, uvimbe ulikuwa umefika chini ya kidevu, kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa kidole, na mate yanamshinda kumeza. Nilimwambia mumewe, "Bwana, huyu halali hapa." Usaha ulikuwa umeshuka shingoni. Alivushwa usiku huohuo kwa gari la wagonjwa, akapasuliwa shingo. Alipona, lakini pumzi ilikuwa karibu kumzibika, na si kwa korona.

Jino likiacha kuuma bila ya kutibiwa, usishangilie. Huenda mshipa wa fahamu ulio ndani yake umekufa, na viini vinaendelea kula mfupa kimya kimya. Vidonge hutuliza kwa muda tu, kwa sababu ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena kupeleka dawa.

WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Basi mbona jina lake bado latajwa kila nikimwelekeza mtu kwa daktari wa meno? Maoni yangu ni kwamba korona imekuwa kisingizio. Wengi wetu twaogopa sindano ya ganzi, na twaogopa bei. La bei silipuuzi, ila kupasuliwa shingo na kulazwa hospitali ni ghali kuliko kuziba tundu dogo mapema.

Ipo hofu moja ambayo sitaki uiache, nayo ni ya vyombo vichafu. Homa ya ini ya aina ya B yaweza kupita kwenye chombo chenye damu ya mgonjwa aliyetangulia. Kwa hiyo uliza bila ya haya: "Daktari, vyombo hivi vimepitishwa kwenye mashine ya mvuke?" Kuvifuta kwa spiriti hakutoshi. Vyatakiwa vikae kwenye mvuke wa shinikizo, kwa mfano joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Daktari mwenye kazi safi hatakasirika, atakufungulia pakiti mbele ya macho yako. Akikasirika, shuka kitini utafute mwingine.

Lakini ikiwa shavu limevimba, kinywa hakifunguki au kumeza ni taabu, hapo usichague wala usingoje asubuhi. Nenda hospitali iliyo karibu nawe usiku huohuo.