Hofu ya mpiga risasi ipimwe mahakamani

Ndugu Mhariri,

Barazani Jaws Corner, kahawa mkononi, nasikia watu wakikubaliana upesi mno: mtu akiingia kwako usiku, piga risasi, umejihami. Na ikibainika hakuwa mwizi?

Aprili 2005 kule Kenya, Tom Cholmondeley, mtoto wa Lord Delamere, alimuua kwa risasi askari wa wanyamapori katika shamba lao la Soysambu. Askari huyo na wenzake walivaa kiraia, wakichunguza biashara haramu ya nyamapori. Cholmondeley akadai alidhani ni majambazi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, akaifuta kesi kabla haijasikilizwa. Wamaasai wakaandamana kupinga uamuzi huo. Mei 2006 akauawa mtu wa pili kwa risasi shambani humo humo, fundi mawe. Safari hii kesi ilisikilizwa. Mwaka 2009 Cholmondeley akafungwa miezi minane kwa kuua bila kukusudia. Minane!

Sisemi hofu yake ilikuwa ya uongo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe umeme ukikatika, nani asiyeogopa? Lakini marehemu alishika nini, alisimama umbali gani, alikuwa anakuja au anakimbia: hayo yaulizwe mbele ya hakimu, mashahidi wakiapa, wala faili lisifungwe ofisini.

Msomaji wako,
Mkunazini, Unguja