AFYA YA MWILI: SHINA DOGO LISHIKALO UHAI

Mwezi wa Septemba mwaka 1848, katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba. Ghafula baruti ikalipuka. Mtaimbo wake, wenye urefu wa futi 3 na inchi 7 na uzito wa ratili 13, ukaingia chini ya shavu la kushoto, ukapenya ubongo, ukatokea utosini. Ajabu ni kwamba Gage hakufa. Alisema na watu muda mfupi baadaye, akaishi hata mwaka 1860. Lakini tabia yake iligeuka: aliyesifiwa kwa busara akawa mwenye matusi na kigeugeu.

Habari hii yaonyesha kwamba hatari ya jeraha la kichwa haipimwi kwa ukubwa wake, bali kwa mahali lilipofika.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa ratili 3 hivi, nao umegawanyika sehemu tatu. Ya kwanza ni ubongo mkubwa, makao ya fikira, usemi na kumbukumbu. Mtaimbo wa Gage ulipita hapo, upande wa mbele. Ya pili ni ubongo mdogo, ulioko kisogoni, ambao husawazisha mwendo wa mwili. Huo ukiumia, mtu hupepesuka kama mlevi. Ya tatu ni shina la ubongo, lenye unene wa kidole gumba na urefu wa inchi 3 tu, liunganishalo ubongo na uti wa mgongo.

Shina hilo, ingawa ni dogo, ndilo liamrishalo pumzi na kuongoza mapigo ya moyo, usiku na mchana, hata mtu alalapo. Hapo pia mishipa ya fahamu itokayo ubongoni huvuka upande wa pili. Ndiyo sababu mtu aliyeumia ubongo wa kushoto hupooza mkono wa kulia. Kama mtaimbo ule ungalipita katika shina, Gage hangaliinuka tena.

Basi, shina laweza kuumizwa pasipo kuguswa. Mtu huanguka kutoka mwembeni au kwenye pikipiki, akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Si kitu." Kumbe damu yavuja ndani ya fuvu polepole. Fuvu la mtu mzima ni mfupa usiotanuka. Damu ikizidi, ubongo husukumwa chini, na shina hubanwa. Jioni mtu huyo asinzia, akoroma, na jamaa zake husema, "Mwacheni apumzike." Kabla ya mapambazuko pumzi imekatika.

Kwa hiyo, aliyegonga kichwa asiachwe peke yake siku hiyo na usiku wake, wala asipewe pombe. Akitapika mara kwa mara, akizidi kuumwa na kichwa, akisema ovyo, akiwa mgumu kuamka, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Daktari aweza kutoboa fuvu na kuitoa damu ile, lakini hawezi kuliumba upya shina lililokwisha kufa.