Ufanisi wa Asilimia Tatu: Aibu ya Bahari au ya Msamiati?

Mnamo 1881, Mfaransa Jacques Arsène d'Arsonval alipendekeza kwamba bahari za tropiki zinaweza kuzalisha umeme. Wazo lenyewe ni sahili. Maji ya juu, yenye nyuzijoto 25 hivi, huigeuza amonia kuwa mvuke unaoendesha mtambo. Kisha maji yenye nyuzijoto 5, yanayovutwa kwa bomba kutoka kina cha takriban mita 1,000, huurejesha mvuke huo kuwa kiowevu.

Wazo hili limebezwa mara nyingi kwa hoja moja: ufanisi wake ni asilimia 3 tu. Je, hoja hiyo ina mashiko?

Katika mazungumzo ya kila siku, ufanisi ni mafanikio. Katika elimu ya nishati, ufanisi ni uwiano: kazi iliyopatikana ikigawanywa kwa joto lililotumika. Msomaji asiyetenganisha maana hizi hudhani kwamba mtambo huo umeshindwa kwa asilimia 97. La hasha! Kanuni iliyotokana na kazi ya Sadi Carnot ya mwaka 1824 huweka kikomo kisichovukwa na mhandisi yeyote: tofauti ya halijoto mbili ikigawanywa kwa ile ya juu, kwa kipimo cha Kelvin. Hapa ni 20 kwa 298, yaani asilimia 6.7. Mtambo unaofikia 3 umepata karibu nusu ya kile ambacho maumbile yanaruhusu. Kuubeza ni sawa na kumlaumu mvuvi kwa samaki asiyekuwamo majini.

Aidha, makaa ya mawe yakipotea bure, kilichopotea kilinunuliwa. Joto la bahari hutolewa na jua bila malipo.

Hata hivyo, watetezi nao wasijipumbaze. Ufanisi mdogo hudai maji mengi mno, na maji hayo hayajipandishi. Georges Claude alipojenga mtambo wake huko Matanzas, Kuba, mwaka 1930, alizalisha kilowati 22, lakini mitambo ya kuuendesha ilikula zaidi ya hizo. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwaka 1979, jahazi la majaribio katika bahari ya Hawaii lilizalisha takriban kilowati 50, na zaidi ya nusu ikaliwa na pampu na vifaa vyake. Hata hivyo, safari hii palikuwa na salio. Salio hilo, pamoja na gharama ya bomba, ndilo linalopaswa kuamua hatima ya teknolojia hii.

Hapa ndipo wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili unapojitokeza. Mfasiri anayeandika "joto" palipostahili "halijoto" huiua kanuni ya Carnot: bahari ina joto tele, kilicho haba ni tofauti ya halijoto. Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wanafizikia. Lakini raia atakayeulizwa maoni kuhusu mradi wa nishati hataulizwa kwa fomula. Ataulizwa kwa maneno. Basi kila mwandishi na atenganishe "ufanisi wa kijoto" na "umeme wa salio", na afafanue yote mawili papo hapo. Lugha isiyotofautisha maneno haya huwaachia wengine uamuzi.