Bahari yataka mafundi, si meli pekee

Tangu Nairobi iwe mwenyeji wa mkutano wa kimataifa kuhusu uchumi wa buluu Novemba 2018, kila kiongozi anayepanda jukwaani ana neno la kusema juu ya bahari. Tunaambiwa habari za samaki, bandari, gesi na utalii. Tunakumbushwa kwamba Kenya ina eneo la bahari la zaidi ya kilomita za mraba 140,000, yaani zaidi ya mara arobaini ya Kaunti ya Kakamega nilikozaliwa. Yote hayo ni kweli. Nisichokisikia ni nani atakayevitengeneza vyombo vya kuipimia bahari hiyo siku vitakapoharibika.

Nasema haya nikiwa mwenye kazi yenyewe. Mimi ni mhandisi mwandamizi wa elektroniki katika utafiti wa bahari. Nyumbani ni Ekero, jirani na mji wa Mumias, ambako maji makubwa tuliyoyajua utotoni yalikuwa ya Mto Nzoia. Kutoka hapo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Ninapokwenda nyumbani, wazee huniuliza: "Mwanangu, sisi na bahari wapi na wapi?" Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu kodi inayonunua vyombo hivyo hutoka Ekero pia.

Jibu langu huanzia Novemba 2019. Mwaka huo Bahari Hindi ilipata joto kuliko kawaida upande wetu wa magharibi, huku upande wa Indonesia ukipoa. Tofauti hiyo ya joto, ambayo wanasayansi waliichambua rasmi mwaka 1999, ikitokea hivyo huleta mvua nyingi Afrika Mashariki. Ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Vuli ikapitiliza. Milima ya Pokot Magharibi ikaporomoka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Mvua haikukoma upesi, na Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu vipimo vianze kuchukuliwa Jinja mwishoni mwa karne ya 19. Nzoia, mto uleule unaopita kwetu ukitokea Cherangani na Mlima Elgon, ulifurika kule chini Bunyala na kuwatoa watu majumbani mwao.

Kwa hivyo bahari haiko mbali na Ekero kama tunavyodhani. Mkulima wa mahindi anayesikiliza utabiri wa mvua redioni anasikiliza, bila kujua, habari za joto la maji ya Bahari Hindi. Joto hilo lilipimwa na chombo, chombo hicho kina betri, waya na bodi, na kuna mtu aliyekikagua kabla hakijatiwa majini.

Wengi hawajui kazi hiyo inavyofanyika. Duniani kuna vielea takriban 4,000 vya mpango wa kimataifa uitwao Argo. Kila kimoja huzama hadi kina cha mita 1,000, kikachukuliwa na mkondo kwa siku kadhaa, kikashuka hadi mita 2,000, kisha kikapanda juu taratibu huku kikipima joto na chumvi ya maji. Kikifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti, kikazama tena. Mzunguko huo ni wa siku kumi hivi. Kule chini mita 2,000, maji hukandamiza kwa uzito wa kama kilo 200 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi isipokuwa kwa umbali mfupi mno, kwa hivyo vyombo vya chini huzungumza kwa sauti, ambayo majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde.

Adui mkubwa wa fundi, hata hivyo, ni mambo madogo. Kasha la chuma lenye vifaa vya thamani ya mamilioni ya shilingi hufungwa kwa ringi ya mpira isiyozidi unene wa kidole. Chembe moja ya mchanga ikibaki juu ya ringi hiyo, au unywele mmoja, maji yatapita, na maji ya bahari yakigusa bodi ya umeme hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo tunafuta, tunapaka grisi kidogo, tunakagua kwa tochi, tunafunga, kisha mwenzako anakagua tena. Kutu nayo haipumziki. Kome na majani ya bahari hujishikiza juu ya kihisi hadi kikaanza kupima joto na chumvi ya takataka hizo badala ya maji. Ninampenda fundi mwenye mkono mtulivu na jicho lisilochoka kuliko mwenye vyeti vingi asiyekubali kufuta ringi mara ya pili.

Tuna taasisi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ilianzishwa 1979 na makao yake makuu yako Mombasa. Tuna meli ya utafiti, Mtafiti, ambayo Ubelgiji ilitupatia zaidi ya mwongo mmoja uliopita. Ni meli iliyojengwa 1977, ikafanya kazi huko Ulaya kwa jina la Zeeleeuw kabla ya kuja kwetu. Tuna vituo vya kupima maji kujaa na kupwa Mombasa na Lamu. Hayo ni mambo ya kujivunia, na wanaoyahudumia hufanya kazi ya heshima kwa kile kidogo walicho nacho.

Kasoro iko kwenye mpango wetu wa fedha. Mfadhili huleta chombo, picha hupigwa, mradi huendeshwa kwa miaka michache. Ndani ya bajeti kuna fungu la kununua, la semina na la safari. La vipuri huwa dogo mno, na la mshahara wa kudumu wa fundi halipo kabisa. Mradi ukiisha, fundi aliyefunzwa kwa mkataba huondoka akaenda kwenye kampuni za simu au ng'ambo. Chombo hubaki rafuni.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kipimo kimoja cha chumvi na joto kilipakiwa kwenye kreti na kupelekwa Ulaya kutengenezwa. Kusi ilianza, ikaisha, kaskazi ikaingia, chombo hakijarudi. Kilipofika, karatasi ya matengenezo ilionyesha kuwa kilichobadilishwa ni kiunganishi kimoja cha waya. Kazi hiyo kijana wa kutengeneza simu pale Ekero angeimaliza kabla ya chakula cha mchana, akipewa kipuri, mwongozo na ruhusa. Tulilipa nauli, bima na ushuru, lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa msimu mzima wa bahari ambao haukupimwa. Fedha zinaweza kutafutwa tena. Joto la maji ya Agosti iliyopita haliwezi kupimwa leo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bahari yetu ni mali, na vipimo ndivyo daftari. Tena daftari lenye ukurasa uliopotoka lina madhara kama ya ukurasa uliochanwa. Kila mkulima wa miwa wa Mumias anajua uchungu wa mizani isiyosema kweli: unaweza kuvuna vizuri na bado ukalipwa vibaya. Kihisi cha baharini nacho kinapaswa kulinganishwa na kipimo sanifu mara kwa mara, la sivyo kitaendelea kutuma namba safi zisizo za kweli, na mtu Nairobi atazitumia kuandika utabiri.

Mimi nilijifunza thamani ya kipimo si baharini, bali kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa mita katika kiwanda cha sukari. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa 1973, na katika miaka yake ya nguvu kilikuwa shule ya ufundi ya eneo letu zima. Mjomba aliniambia kuwa boila haimjui mkurugenzi wala mkulima, humjua yule anayesoma mvuke wake. Kiwanda kilipowekwa chini ya mrasimu 2019, watu wa Magharibi walihesabu miwa iliyokauka shambani na mishahara iliyopotea. Ni wachache waliohesabu mafundi waliotawanyika pamoja na ujuzi wao wa miaka mingi. Mashine unaweza kuiagiza tena. Mtu anayeijua kwa sauti yake huchukua nusu ya maisha kumpata.

Wenzetu waliofaulu walilijua hilo mapema. Mwaka 1987 David Packard, mhandisi wa elektroniki aliyeanzisha kampuni ya Hewlett-Packard pamoja na mwenzake, alianzisha taasisi ya utafiti wa bahari kwenye Ghuba ya Monterey, California. Alisisitiza kwamba wahandisi na wanasayansi wakae meza moja kama watu walio sawa. Mwanasayansi alete swali, mhandisi alete njia, na wote wawili waende baharini. Leo taasisi hiyo inajulikana duniani kwa roboti na vyombo vyake vya kina kirefu. Kwetu bado fundi huitwa baada ya chombo kununuliwa, aambiwe akiwashe.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja nyepesi. Kaunti zina zahanati zisizo na dawa na shule zisizo na walimu. Itakuwaje tuzungumzie vihisi vya bahari? Nikiulizwa hivyo, nakumbuka tarehe 26 Desemba 2004. Tsunami iliyoanzia Sumatra ilivuka Bahari Hindi nzima, ikaua watu karibu 300 Somalia. Kenya, ambako watu walionywa watoke ufuoni, alifariki mtu mmoja. Onyo lilichangia kuokoa watu. Baada ya msiba huo nchi za Bahari Hindi zilijenga mfumo wa pamoja wa tahadhari, na tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia ndivyo vinavyotoa taarifa. Mfumo huo hutegemea vituo vya pwani kama vyetu vya Lamu na Mombasa. Kituo kimoja kikizimika kwa sababu ya betri ya bei nafuu, ni jicho limefumbwa. Gharama ya kulifumbua ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya mafuriko ya mara moja tu kule Bunyala.

Napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana ndani ya bajeti tulizo nazo.

Kwanza, Hazina ya Taifa na wafadhili wasikubali kununua chombo chochote cha utafiti wa bahari au ziwa bila kuonyesha fedha za vipuri na mshahara wa fundi kwa muda wote wa maisha ya chombo hicho. Wasipozionyesha, wanunue chombo kidogo zaidi. Chombo kidogo kinachofanya kazi kinashinda kikubwa kilichofunikwa turubai.

Pili, tuwe na karakana moja ya taifa, Mombasa, yenye tangi la kujaribia mgandamizo wa maji na maji sanifu ya kulinganishia vihisi, itakayohudumia Kenya, Tanzania Bara, Zanzibar na visiwa jirani. Hakuna sababu ya kila nchi kupeleka kreti zake Ulaya kwa kiunganishi kimoja.

Tatu, mafundi watafutwe bara kama wanavyotafutwa pwani. Chuo cha Taifa cha Sigalagala na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro viko Kakamega, na vinafundisha umeme na elektroniki. Wanafunzi wao wapelekwe kwa mafunzo ya kazi KMFRI, Mombasa na Kisumu pia, maana Ziwa Victoria lina upepo, mafuriko na samaki wanaohitaji kupimwa vilevile. Cheo cha mhandisi wa vyombo kiwe na ngazi za kupanda kama kile cha mwanasayansi, na jina lake liandikwe kwenye ripoti ambayo vipimo vyake viliijenga.

Kwa vijana wa Ekero mnaolehemu simu na redio chini ya mabati, nawaambia kwamba mkono mnaoutumia hapo ndio unaohitajika melini. Someni hesabu, fizikia na programu za kompyuta, msiogope chumvi wala kutapika siku za kwanza, na msikubali mtu awaambie kwamba bahari ni ya watu wa pwani peke yao. Kwa waheshimiwa wabunge wanaojadili makadirio ya mwaka ujao nina ombi moja: mkifika kwenye ukurasa wa uchumi wa buluu, tafuteni mstari unaotaja fundi. Kama mstari huo haupo, msiupitishe ukurasa huo.