Mitume Wavunjiwao Heshima kwa Rangi

Ndugu msomaji, usidhani kuwa picha ya dini ni pambo la ukutani tu. Picha husomesha, na mwanao akiiona katika kitabu au katika simu huondoka na somo ambalo wewe hukumpa.

Katika dari la kanisa la Sistine, huko Vatican, Michelangelo alichora baina ya mwaka 1508 na 1512 visa 9 vya Kitabu cha Mwanzo. Cha mwisho ni Nabii Nuhu (A.S.) amelala hoi kwa ulevi, yu uchi mbele ya wanawe. Mtume mzima!

Rembrandt, Mholanzi, alichora mwaka 1654 picha iliyoko Louvre, Paris. Sikutumi ukaitafute. Ni Bathsheba, mke wa Uria, amekaa uchi na barua mkononi, uso umejaa huzuni. Nabii Daudi (A.S.) hayumo pichani, lakini tuhuma yake imo. Na hiyo barua ya kumwita mwanamke haimo hata katika Biblia yao. Samweli wa Pili, mlango wa 11, yasema Daudi alituma wajumbe. Barua itajwayo pale ni ya kwenda kwa Yoabu, ili Uria auawe vitani.

Wenyewe hawaoni kuwa wametukana. Wasema: hata Daudi alianguka, basi kila mtu ahitaji mkombozi. Lakini aliyetumwa kutuongoza akiwa ndiye mzinzi na muuaji, sisi tumfuate nani? Kwetu Mitume ni maasumu. Surat Saad yatupa kisa cha Daudi na wagomvi wawili na kondoo 99, na kwamba aliomba msamaha akasamehewa. Uchi umetoka wapi? Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, alikwisha sema kuwa mengi yaliyosimuliwa hapo ni Israiliyati. Ajabu ni kuwa wako wasimulizi wetu, barazani na hata juu ya mimbari, wanaokisimulia kisa hicho cha mke wa Uria kwa madaha kuliko huyo Mholanzi. Hao nao tuwanyamazie?

Tena Rembrandt huyo huyo, aliyekufa mwaka 1669, alichora mwishoni mwa umri wake picha iliyoko leo St. Petersburg: mwana mpotevu wa Injili ya Luka, mlango wa 15. Amepiga magoti, nguo zimechakaa, kiatu kimoja kimemvuka, na babaye amemwekea mikono mgongoni. (Mwenyezi Mungu si baba wa mtu, lakini mfano wenyewe waeleweka.) Humo hakuna msalaba, wala aliyelipa deni la mwenziwe. Mwana amerudi, mzee amesamehe. Hiyo ndiyo toba tuijuayo sisi. Jirani yako Mkristo akikuonyesha picha hiyo, muulize kwa adabu: hapa fidia iko wapi?