Herufi moja inavyoificha historia ya Wamaasai

MWANAFUNZI wa Rombo, Kajiado, anayetafuta maktabani vitabu kuhusu historia ya Wamaasai huenda akapotezwa na herufi moja tu. Kitabu cha Merker cha 1904 na kile cha Hollis cha 1905 vina jina "Masai" jaladani. Kile cha S.S. Sankan, mwana wa jamii hiyo, kilichochapishwa 1971, kinatumia "Maasai". Katalogi isiyounganisha tahajia hizo mbili humnyima msomaji sehemu ya hazina iliyopo.

Tatizo la pili ni uainishaji. Katika mfumo wa Dewey, mila na desturi huwekwa 390, ilhali historia ya Afrika iko 960. Masimulizi ya koo, vita na uhamiaji yakitiwa miongoni mwa mila, jamii huonekana kana kwamba ina ngoma lakini haina historia.

Suala hili haliwahusu wakutubi pekee. Wamaasai walipoandamana mwaka 2004 kudai ardhi, hoja yao ilitokana na mkataba wa 1904. Mkataba wa 1911 nao uliwaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini. Kesi waliyowasilisha kuupinga ilitupwa 1913. Adaiye haki sharti aufikie ushahidi.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Yafaa zianze na katalogi: tahajia zote mbili ziorodheshwe, na majina ya koo na mahali yaandikwe jinsi wenyeji wanavyoyatamka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jengo jipya.